Kidari cha Bata Mzinga kwa Moto wa Polepole: Upishi na Maneno Yake katika Bukoba na Muleba

Maneno ya jikoni hayajakusanywa kwa bidii kama maneno ya kazi nyingine. Juu ya mabaharia, wahunzi, waganga na washairi kumeandikwa mengi; jiko limeachiwa kurasa chache, labda kwa sababu wengi wa wakusanyaji waliingia humo kwa ajili ya kula tu. Hata hivyo jiko ni mahali ambapo neno lililotumiwa vibaya huleta madhara siku ile ile. Mtunga mashairi akikosea neno, msomaji atakunja uso; mwandishi wa maelezo ya kupika nyama akikosea neno, mlaji ataugua tumbo.

Makala hii yachukua mfano mmoja, nao ni kidari cha bata mzinga kilichotiwa majani ya kiungo na kupikwa polepole katika chungu cha umeme. Chakula hiki si cha asili ya Kagera wala ya pwani. Maelezo yake huja katika lugha za kigeni, kisha hufasiriwa, na katika kufasiriwa huko ndimo matatizo yazaliwamo. Bukoba na Muleba zimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, wenyeji wa huko wana desturi ya zamani ya kupika polepole ndani ya majani ya mgomba, hata jambo lenyewe si geni kwao ijapokuwa chombo ni kigeni. Pili, wengi wao walianza kunena Kihaya kabla ya Kiswahili. Mpishi wa Unguja akikuta neno lenye maana mbili aweza kulipima kwa mazoea ya jiko la mama yake. Mpishi wa Kihaya alisomapo maelezo ya Kiswahili hulichukua neno kama lilivyoandikwa. Kwa hiyo utata ulio mdogo pwani huwa mkubwa ng'ambo ya ziwa.

I. Jina la ndege

Bata mzinga si bata. Wataalamu wa wanyama humweka katika jamaa moja na kuku na kwale. Hana ngozi kati ya vidole vya miguu, wala haogelei. Asili yake ni bara la Amerika, na wenyeji wa Meksiko walimfuga muda mrefu kabla Wahispania hawajamchukua kumpeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Kwa kuwa alikuja kama mgeni, kila taifa lilimpa jina la nchi liliyomdhania ametoka, na karibu yote yalikosea. Waingereza walimwita kwa jina la Uturuki; Waturuki wenyewe humwita *hindi*, na Wafaransa nao walimwita jogoo wa Uhindi, jina lililofupizwa kuwa *dinde*. Wareno husema *peru*. Waarabu wa Misri humwita *dik rumi*, yaani jogoo wa Kirumi, na wale wa Sham *dik habash*, yaani jogoo wa Kihabeshi. Wamalai husema *ayam belanda*, kuku wa Kiholanzi.

Kiswahili kina majina mawili. La kwanza ni *piru*, ambalo laonekana wazi kuwa ni la ukoo mmoja na *peru* la Wareno. La pili, ambalo ndilo lililoenea, ni bata mzinga. *Bata* ni neno lenye asili ya Kiarabu, na *mzinga* ni kitu cha mviringo kilicho wazi ndani, kama mzinga wa nyuki au mzinga wa vita. Kiswahili basi hakikumtafutia ndege huyu nchi. Kilimtafutia jamaa kwa kumlinganisha na ndege mwingine mkubwa wa nyumbani. Waganda, walio jirani wa Bukoba kwa upande wa kaskazini, walifanya vivyo hivyo, lakini wao walichagua jamaa iliyo sahihi zaidi, maana humwita *ssekkokko*, jina lililojengwa juu ya neno la kuku. Kuku ana jina la kale la Kibantu: Mswahili husema *kuku*, Mhaya *enkoko*, na ndugu hawa wawili hutambulikana mara moja. Bata mzinga hana jina la namna hiyo, kwa kuwa alipofika lugha hizi zilikwisha kutengana zamani.

Jambo hili lina faida jikoni. Mpishi aliyeambiwa kuwa nyama yake ni ya bata hutarajia mafuta mengi chini ya ngozi, na huenda akapunguza samli. Kidari cha bata mzinga kina mafuta machache kuliko cha bata, chahitaji kusaidiwa. Ajuaye kwamba ndege huyu ni ndugu wa kuku atampika vyema kuliko adhaniaye kuwa ni bata mkubwa.

Kwa habari ya tahajia, wengine huandika *batamzinga* kwa neno moja. Wana hoja, kwa maana katika wingi hakuna asemaye *bata mizinga kumi*. Husemwa *bata mzinga kumi*. Sehemu ya pili imekwisha kuganda.

II. Kidari, kifua na ziwa

Sehemu ya nyama inayohusika hapa ni kidari. Neno hili ndilo la wapishi na wachinjaji, kama vile *firigisi*, *paja* na *bawa* yalivyo ya kazi yao. *Kifua* laeleweka pia, ila ni la jumla zaidi. Mfasiri asiyezoea jiko, akitafuta katika kamusi, aweza kukuta neno *titi* au *ziwa*, maana lugha anayotoka hutumia jina moja kwa mwanamke na kwa ndege. Kiswahili hakikubali hivyo: ndege hana ziwa. Na katika Bukoba neno hilo lingechekesha mara mbili, kwa kuwa mji wenyewe umekaa ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na *ziwa* likitajwa huko mawazo ya watu huenda majini kabla ya kwenda penginepo.

Ndege wa nyumbani hugawanywa kwa adabu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki firigisi ni haki ya mwenye nyumba, na vipande vingine vina wenyewe. Kupika kidari peke yake, mbali na mwili wote, ni jambo la masoko ya miji ambamo nyama huuzwa kwa sehemu. Mwenye kuchinja bata mzinga wake nyumbani Muleba atakuwa na ndege mzima mkononi, na itambidi ajue kwamba sehemu zake haziivi kwa muda mmoja. Paja lina kano nyingi, nalo hufaidi moto wa muda mrefu, kwa kuwa kano hizo huyeyuka polepole na kuifanya nyama iwe laini. Kidari hakina kano za kuyeyuka. Kikizidishiwa muda hukauka na kuwa nyuzi.

III. Majani ya kiungo si mitishamba

Maelezo ya kigeni hutaja majani yenye harufu, hasa rozimari, taimu na seji. Kiswahili hakina neno moja la jumla la majani ya namna hii. *Kiungo* ni chochote kinachounga chakula: chumvi, pilipili, bizari, vitunguu na majani vyote vimo. Wafasiri wengine, wakitafuta neno lililo jembamba zaidi, huandika *mitishamba*. Hili ni kosa kubwa. Mitishamba ni dawa. Huchumwa kwa mganga au kwa mzee ajuaye, na hunywewa kwa ugonjwa. Kidari kilichotiwa mitishamba, kwa msomaji wa Bukoba au wa mahali popote Tanzania, ni kidari kilichotiwa dawa, na mgeni aliyeandaliwa chakula cha jina hilo ana haki ya kuuliza ni dawa ya nini.

Usemi usio na hatari ni *majani ya kiungo*. Ndani ya usemi huu huingia kwa urahisi majani ambayo Waswahili wanayajua kwa majina yao: giligilani au kotimiri, mrehani, nanaa na mchaichai. Rozimari na taimu zikikosekana, mrehani na mchaichai pamoja na kitunguu saumu na ganda la limau hutosha. Ladha haitakuwa ile ile, lakini kazi ya majani ni ile ile, maana mafuta yao yenye harufu hutoka polepole kwa joto la kadiri na kuingia katika samli na maji ya nyama. Majani makavu huvumilia moto mrefu. Mabichi, hasa kotimiri na nanaa, hupoteza harufu yakipikwa saa nyingi, na kwa sababu hiyo hutiwa mwishoni.

IV. Moto wa chini, moto wa juu, moto mdogo

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Chungu cha umeme huwa na alama mbili za nguvu ya moto, ambazo katika lugha ya kigeni huitwa kwa maneno ya *chini* na *juu*. Mfasiri huandika: *pika kwa moto wa chini*. Maneno ni ya Kiswahili, lakini maana imepotea. Katika upishi wa Kiswahili *moto wa chini* si moto mdogo. Ni moto ulio chini ya chungu, na mwenzake ni *moto wa juu*, yaani makaa yaliyowekwa juu ya kifuniko. Mikate, vitumbua vya kuoka na wali wa kukaushwa hupaliwa makaa juu, na mpishi hodari hujua kuvipatanisha vyote viwili. Akiambiwa atumie moto wa chini peke yake, ataelewa kuwa asipalie makaa, wala hatapunguza kuni hata moja. Maneno yafaayo ni *moto mdogo* na *moto mkali*, ambayo ni ya zamani na hayana utata.

Hata kifuniko chenyewe kina fumbo kwa mtu wa Bukoba. Pwani chungu hufunikwa kwa *mkungu*, yaani kifuniko cha udongo ambacho juu yake makaa huweza kupaliwa. Lakini katika nchi ya migomba mkungu ni mkungu wa ndizi. Maana zote mbili ni halali na zimo katika kamusi. Ila mwandishi anayesema *funika kwa mkungu* bila ya kuongeza neno *wa udongo* huenda akamfanya msomaji wake ashangae.

Vitenzi navyo vyataka kuangaliwa. Maji *huchemka* yanapotoa mapovu. Chakula *hutokota* kinapoiva ndani ya maji yanayochemka, na anayekipika *hukitokosa*. *Kupwaza* ni kutokosa kitu pasipo mchuzi, kama mihogo na viazi. *Kuoka* na *kubanika* ni kwa moto mkavu. Kihaya nacho kina *okuchumba* kwa kupika kwa jumla na *okwokya* kwa kuchoma. Upishi wa chungu cha umeme hauingii sawasawa katika vitenzi hivi: si kutokosa, kwa kuwa maji ni kidogo sana na hayatakiwi kuchemka kwa nguvu, si kuoka, kwa kuwa hewa ya ndani imejaa unyevu. Karibu yake zaidi ni *kupika kwa mvuke*, na huo ndio upishi ambao Wahaya wanaujua tangu zamani.

Mwisho ni kitenzi *kuiva*. Ndizi iliyoiva aweza kuwa imeiva mkunguni au imeiva chunguni, na katika nchi ambayo ndizi ndiyo chakula kikuu tofauti hiyo si ndogo. Kwa nyama *kuiva* ni kufikia hali ya kulika bila madhara. *Kulainika* ni jambo jingine. Kuku wa kienyeji aliyezeeka huiva upesi lakini hulainika kwa taabu, na wapishi wamezoea kumpima kwa ulaini. Kidari cha bata mzinga hakifuati kanuni hii. Kinapoiva kimekwisha kulainika vya kutosha, na kila dakika inayozidi humkosesha mlaji maji ya nyama.

V. Jani la mgomba

Wahaya huzimenya ndizi zao mbichi, *ebitoke*, huzifunga katika majani ya mgomba na kuziweka chunguni juu ya maji kidogo. Majani hufunika pande zote. Mvuke hupanda ukazunguka, na harufu ya jani huingia katika chakula. Kabla ya kutumiwa, jani hupitishwa juu ya moto ili lilegee lisipasuke. Kiswahili huita kazi hiyo *kubabua*. Mshipa mnene wa katikati huondolewa au hupunguzwa, na vipande vyake hufaa kupangwa chini ya chungu viwe kitako, ili furushi lisiguse maji.

Katika Buganda ufundi huo umefika katika chakula kiitwacho *oluwombo*, ambamo kuku, nyama au karanga hufungwa ndani ya jani lililobabuliwa na kupikwa kwa mvuke. Mapokeo ya Waganda humtaja mpishi wa Kabaka Mwanga kuwa ndiye aliyekianzisha mwaka 1887. Iwe hivyo au sivyo, kanuni ni moja na ile ya Bukoba: chakula kimefungiwa, maji hayakigusi, na joto haliwezi kupita lile la mvuke.

Na joto hilo lina kipimo chake mahali hapo. Uso wa Ziwa Viktoria uko kadiri ya mita 1,135 juu ya bahari. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Ukingoni mwa ziwa huchemka kwa nyuzi 96 hivi, na katika vilima vya Muleba chini ya hapo kidogo. Kwa maharage upungufu huu ni hasara, nayo huchelewa kuiva. Kwa kidari si hasara hata kidogo, maana nyama ya ndege huwa salama pale kiini chake kifikapo nyuzi 74. Mvuke wa Bukoba una joto la kutosha na kubaki.

VI. Chungu cha umeme

Chombo cha kigeni kina historia inayofanana na hiyo. Irving Nachumsohn wa Chicago, ambaye baadaye alijiita Naxon, alipewa hataza ya chungu chake mwaka 1940. Kwa habari za jamaa yake, alipata wazo kutoka kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi Wayahudi wa Lithuania walivyokuwa wakipeleka vyungu vya maharage na nyama kwenye tanuri la mwoka mikate jioni ya Ijumaa, navyo vikaiva usiku kucha katika joto lililobaki, kwa kuwa siku ya Sabato hairuhusiwi kuwasha moto. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka 1971 chombo kikaanza kuuzwa kwa jina la Crock-Pot. Basi chungu cha umeme ni mfano wa tanuri la kijiji, kama vile furushi la majani lilivyo mfano wa jiko la Kihaya. Vyote viwili vilitokana na watu waliotaka chakula kiive pasipo kukilinda.

Ndani yake mna bakuli zito la udongo uliochomwa, na nyaya za moto zimezunguka ubavuni. Umeme uliomo ni mdogo: wati 200 hivi kwa moto mdogo, hata kwa saa sita hutumika kiasi cha yuniti 1.2. Moto mdogo na moto mkali, katika vyombo vingi, hufikia mwisho ule ule, karibu na joto la kuchemka. Tofauti ni muda wa kufika huko. Ndiyo maana haifai kutia nyama iliyoganda kwa barafu. Vijidudu huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na nyama iliyoganda hukaa katika hali hiyo ya uvuguvugu kwa muda mrefu mno. Nyama iyeyushwe kwanza ndani ya jokofu, siku nzima kwa kila kilo mbili.

Hatari ya namna hiyo hiyo hutokea umeme ukikatika. Mkoa wa Kagera, ambao hadi 1979 uliitwa Ziwa Magharibi, kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka Uganda kwa njia ya Kyaka, na watu wake wanajua kungoja taa zirudi. Chungu kikizimika kabla nyama haijaiva, ihamishiwe mara moja kwenye moto wa kuni au makaa. Ikiwa imekaa vuguvugu zaidi ya saa mbili, itupwe. Kuichemsha tena hakuondoi sumu zote zilizokwisha kutengenezwa na vijidudu.

VII. Namna ya kupika

Kidari chenye mfupa, cha kilo mbili hadi mbili na nusu, kikaushwe kwa kitambaa safi. Kisu, ubao na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine. Vijiko viwili vikubwa vya siagi au samli vichanganywe na vijiko viwili vidogo vya chumvi, kijiko kimoja kidogo cha pilipili manga, punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, ganda la limau lililokunwa, na kijiko kimoja kikubwa cha majani makavu ya kiungo. Ngozi iinuliwe kwa vidole bila kuipasua, na nusu ya mchanganyiko ipakwe chini yake juu ya nyama, kwa sababu ngozi huzuia ladha isipenye. Nusu nyingine ipakwe nje.

Vitunguu maji viwili na karoti mbili, vyote vikatwe vipande vinene, vipangwe chini ya chungu viwe kitako. Maji robo kikombe yatosha, kwa kuwa nyama itatoa yake. Kidari kiwekwe juu, ngozi ikielekea juu, na kifuniko kifungwe. Kwa moto mdogo huiva kwa muda wa saa tano hadi saba. Kifuniko kisifunuliwe ovyo: kila kifunuliwapo mvuke hutoka, na huchukua dakika 20 au zaidi kurudisha joto. Kipimo cha joto kichomwe mahali penye unene mkubwa, mbali na mfupa, baada ya saa nne na nusu. Nyuzi 74 zikionekana kazi imekwisha, hata kama saa hazijatimia.

Ngozi itatoka ikiwa nyeupe na laini, maana rangi ya kahawia haiji pasipo moto mkavu. Hapa ufundi wa pwani waweza kukamilisha ule wa bara. Kidari kihamishiwe katika sufuria kavu, kifunikwe, na makaa mekundu yapaliwe juu ya kifuniko kwa dakika kumi. Kisha kipumzike robo saa kabla ya kukatwa, na kikatwe kwa kuvuka nyuzi za nyama. Maji yaliyobaki chunguni hufanywa rojo kwa kijiko cha unga uliokorogwa katika maji baridi.

Asiye na chungu cha umeme asisikitike. Kidari kilichopakwa vile vile hufungwa katika majani mawili ya mgomba yaliyobabuliwa, kikawekwa juu ya kitako cha vipande vya mshipa wa jani ndani ya chungu, maji yakiwa chini ya furushi, na kikapikwa kwa mvuke kadiri ya saa mbili kwa moto wa kadiri. Maji yaongezwe yakipungua, na kipimo ni kile kile cha nyuzi 74. Ladha ya jani itaongezeka, nayo haipatikani katika chombo chochote cha dukani.

VIII. Saa na masaa

Limebaki neno moja dogo. *Pika mpaka saa sita* maana yake ni kupika mpaka adhuhuri. *Pika saa sita* yaweza kuwa ni kupika wakati wa adhuhuri au kwa muda wa saa sita. Mpishi aliyeweka chungu motoni saa nne ya asubuhi, akasoma *saa sita*, aweza kukiondoa baada ya saa mbili tu, nyama ikiwa bado mbichi ndani. Sarufi hukataza wingi wa *masaa*, na walimu huufuta kwa wino mwekundu. Hata hivyo umma wa wasemaji hauutumii bure: husema *saa sita* kwa wakati wa siku na *masaa sita* kwa muda, na hivyo wameziba pengo ambalo sarufi imeliacha wazi. Asiyetaka kuvunja kanuni hana budi kuandika kila mara *kwa muda wa saa sita*, wala asilifupishe.

IX. Matokeo

Uchunguzi huu waonyesha kwamba kati ya maneno yaliyochunguzwa hakuna hata moja lililohitaji kubuniwa upya, isipokuwa jina la chombo. *Jiko la polepole* halifai sana, kwa kuwa jiko ni mahali pa moto na chombo hiki ni jiko na chungu kwa pamoja. *Sufuria ya umeme* huchanganywa na chombo cha kupikia wali na kile cha mvuke wa kushindilia. *Chungu cha umeme* chatosha, kwa kuwa bakuli lake ni la udongo kweli, na mpishi wa Bukoba alisikiapo neno *chungu* hutambua mara moja kuwa chakula kitafunikwa, kitaachwa, na kitaiva kwa subira.

Mengine yote yalikuwemo tayari: kidari, majani ya kiungo, moto mdogo, kupalia, kubabua, kuiva na kulainika. Yalikosewa kwa kuwa wafasiri waliyatafuta katika kamusi za lugha nyingine kabla ya kuyauliza mekoni. Wakusanyaji wa msamiati wakipata nafasi ya kwenda Bukoba na Muleba, yafaa waanzie penye mafiga, wawasikilize wanaofunga majani, na waandike kila kitenzi pamoja na joto lake, chombo chake na muda wake. Kazi hiyo ikicheleweshwa, vitenzi vya moto wa kuni vitasahauliwa kuni zenyewe zitakapoadimika, na wafasiri wa baadaye hawatakuwa na wa kumwuliza.